Giannis na Milwaukee: atabaki, au tujiandae kumuaga?

Mkesha wa Kikapu (Upanga)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba kuleta kwenu swali ambalo limeninyima raha tangu mwezi wa Julai mwaka huu wa 2025, na ambalo nadhani linawagusa wote wanaolala mapema ili waamke saa tisa usiku kutazama kikapu cha Marekani. Giannis Antetokounmpo bado ni mchezaji wa Milwaukee Bucks, mkataba wake haujaisha, na hajatamka hadharani kwamba anataka kuondoka. Hata hivyo, kila kinachotokea katika timu hiyo kinanifanya nihofie kwamba msimu huu unaoanza Oktoba 2025 ndio wa mwisho tutakaomwona na jezi ile namba 34.

Nieleze kwanza kwa nini jambo hili linaniuma. Mwaka 2013 Milwaukee walimchagua nafasi ya 15 katika drafti (zoezi la kila mwaka ambalo timu huchagua vijana wapya kwa zamu, timu dhaifu zikipewa nafasi ya mbele) akiwa na miaka 18, kijana mwembamba kutoka mtaa wa Sepolia mjini Athens, mtoto wa wahamiaji wa Kinigeria ambaye alikuwa akitembeza bidhaa mitaani pamoja na ndugu zake ili familia ipate chakula. Katika msimu wake wa kwanza timu ilishinda michezo 15 tu kati ya 82. Wakati huo ndipo ilipotokea ile habari ambayo wengi mnaijua, kwamba alituma nyumbani fedha zote alizokuwa nazo, akakosa nauli ya teksi, akaanza kukimbia kuelekea uwanjani katika baridi ya kule hadi mume na mke waliokuwa wakipita na gari walipomchukua. Nimewasimulia vijana wetu pale Kidongo Chekundu habari hiyo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Kisha alikua mbele ya macho yetu. Akawa mchezaji bora wa msimu mwaka 2019 na 2020. Desemba 2020, wakati kila mtu alipotarajia akimbilie mji wa ufukweni, alisaini mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 228. Julai 2021, katika mchezo wa sita wa fainali dhidi ya Phoenix, alifunga pointi 50, na yeye ambaye alikuwa akizomewa kwa kukosa mitupo huru siku hiyo alifunga 17 kati ya 19. Milwaukee hawakuwa wametwaa ubingwa tangu 1971. Sikulala tena asubuhi ile. Nilikwenda kazini moja kwa moja na macho mekundu, na sikujali.

Tangu hapo mambo yamekwenda kombo. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, wameondolewa katika hatua ya kwanza ya mtoano, mara ya kwanza na Miami na mara mbili zilizofuata na Indiana. Mwenzake Khris Middleton, aliyefika Milwaukee mwaka ule ule wa 2013, aliondoshwa Februari mwaka huu. Nyota mwingine wa timu, Damian Lillard, alichanika kano ya kisigino mwezi wa Aprili, na Julai timu ikavunja mkataba wake ili ipate nafasi ya kumsajili Myles Turner. Giannis anatimiza miaka 31 mwezi wa Desemba.

Swali langu lina sehemu mbili. Je, mnaona atabaki? Na je, akiondoka, ni haki kumwita msaliti? Nauliza hili la pili kwa sababu binafsi. Niliwahi kuwa nahodha wa timu ndogo kule Temeke, na mchezaji wetu bora alipochukuliwa na klabu kubwa iliyokuwa ikitoa posho na nauli, sikumsemesha kwa miaka miwili. Sasa hivi nikimtazama Giannis najikuta namwombea ruhusa ambayo sikumpa mwenzangu, na sijui kama nilikosea wakati ule au ninakosea sasa.

Mhasibu wa Kinondoni

Ndugu Mkesha, nashukuru kwa kuliweka swali hili kwa heshima, maana kwingine limekuwa la matusi. Nitajibu sehemu ya kwanza, kwa kuwa ndiyo ninayoiweza.

Watu wengi hudhani kwamba timu ya mji mdogo inashindwa kumbakiza nyota kwa sababu haina fedha za kumlipa. Katika NBA, ligi hii ya kikapu ya Marekani, si hivyo. Haki za televisheni za taifa zima hugawanywa sawa kwa timu zote 30, na mkataba mpya unaoanza msimu huu ni wa miaka 11 na una thamani ya takriban dola bilioni 76. Aidha, mishahara ina ukomo, kwa hiyo Los Angeles haiwezi kumwekea Giannis mezani kitita ambacho Milwaukee hawakiwezi. Udhaifu wa mji mdogo uko mahali pengine: wachezaji huru, yaani waliomaliza mikataba, hawauchagui. Milwaukee haufikii watu 600,000, yaani hata nusu ya watu wa Temeke kwa sensa yetu ya 2022, na Januari yake ni barafu tupu. Timu ya namna hiyo hujenga kikosi kwa drafti na kwa kubadilishana wachezaji, na ikitumia vibaya njia hizo mbili haina ya tatu.

Milwaukee wamezitumia zote kwa mkupuo. Walimnunua mchezaji Jrue Holiday mwaka 2020 kwa haki za drafti, yaani zamu zao za kuchagua vijana miaka ijayo, wakapata ubingwa, na hapo sina ugomvi nao. Mwaka 2023 wakamtoa Holiday huyo huyo pamoja na haki nyingine ili wampate Lillard, na Holiday akaishia Boston, ambako alitwaa ubingwa uliofuata. Leo hii, kuanzia 2026 hadi 2030, kila mwaka kuna timu nyingine yenye chaguo lao la kwanza la drafti au yenye haki ya kubadilishana nalo. Maana yake ni kwamba hata wakiamua kuanguka makusudi ili wachague kijana mzuri, faida itakwenda Portland au New Orleans au kwingineko. Juu ya hilo, mkataba wa Lillard waliouvunja ulikuwa umebakiza takriban dola milioni 113, nao wameutandaza katika misimu mitano, kiasi cha dola milioni 22.5 kila msimu. Giannis atakapotimiza miaka 35, Milwaukee watakuwa bado wanamlipa mtu anayechezea timu nyingine.

Sasa tutazame mkataba wa Giannis mwenyewe. Alisaini nyongeza ya miaka mitatu Oktoba 2023, yenye thamani ya dola milioni 186, na mwaka wa mwisho, yaani 2027-28, ni wa hiari yake. Akiukataa, atakuwa mchezaji huru Julai 2027. Kanuni ya mkataba mkubwa wa nyota, iliyoanza 2017 baada ya Kevin Durant kuondoka Oklahoma City, ilitungwa ili timu ya nyumbani iwe na nguvu ya ziada ya kumbakiza mtu wake, kwa kumruhusu achukue asilimia 35 ya ukomo wa mishahara kabla ya wakati wake. Lakini mchezaji aliyekwisha kutumikia misimu kumi anaruhusiwa asilimia hiyo 35 popote. Giannis ametumikia kumi na miwili. Ile ndoana ya fedha imebaki na mwaka mmoja wa ziada na nyongeza nono kidogo ya kila msimu, na kwa mtu ambaye tayari ameingiza mamia ya milioni hiyo ni ndoana butu.

Kwa hiyo maoni yangu ni kwamba hatacheza Milwaukee hadi mkataba uishe. Uongozi wenyewe, ukiona kiangazi cha 2027 kinakaribia, utalazimika kumbadilisha kwa vijana na haki za drafti kuliko kumwacha aende bure. Ninasema hivyo kwa masikitiko, kwa sababu wastani wake wa msimu uliopita, pointi 30.4 na ribaundi (mipira inayodakwa baada ya mtupo kukosa) 11.9 kwa mchezo, ni wa mtu aliye bado kileleni.

Binti wa Mbagala

Kaka Mhasibu, hesabu zako sizipingi, lakini Waswahili walisema mcheza kwao hutunzwa, na neno lenye uzito hapo ni «kwao». Giannis alifika Milwaukee kabla hata hajawa na miaka 19. Watoto wake wamezaliwa wakati akichezea timu hiyo. Mwaka 2021 alinunua hisa katika timu ya besiboli ya mji huo huo, jambo ambalo mpangaji anayefunga mizigo hawezi kulifanya. Msimu huu kaka yake Thanasis amerudishwa kikosini. Mimi naona mtu aliyejenga.

Na tusisahau upande wa wananchi. Timu hiyo ilipouzwa mwaka 2014 kwa dola milioni 550, ligi iliweka wazi kwamba pasipo uwanja mpya timu ingeweza kuhamishwa, na umma ukachangia dola milioni 250 ili uwanja uliofunguliwa 2018 ujengwe. Watu wale walikubali kwa sababu walikuwa na kijana wa kumtazama akikua. Anawadai, nao wanamdai. Atabaki.

Kocha Mstaafu

Wanangu, nimesoma yote kwa makini. Mkesha, nitakujibu wewe hasa, na katika sehemu ile ya pili ya swali lako, kwa kuwa nimefundisha katika viwanja vya mji huu kwa miaka mingi na nimewaaga wachezaji wengi.

Nianze na mtoto wetu wenyewe. Hasheem Thabeet alizaliwa hapa Dar es Salaam, akaanza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchagua nafasi ya 2, mbele ya James Harden na mbele ya Stephen Curry. Siku ile tulilia kwa furaha. Memphis nao ni mji mdogo, na mashabiki wake hulalamika kama wa Milwaukee kwamba nyota hawakai. Je, Memphis walimvumilia kijana wetu? Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, walimpeleka ligi ya chini, na Februari 2011 wakampeleka Houston. Hakutimiza hata misimu miwili. Sisemi walikosea kikapu. Kijana alikuwa bado anajifunza na timu ilitaka kushinda. Ninachosema ni kwamba hakuna gazeti lililoandika kuwa Memphis wamemsaliti Hasheem. Neno usaliti huwa linahifadhiwa kwa ajili ya mchezaji peke yake. Lillard ameumia akiwa kazini na mkataba wake ukavunjwa kabla hata hajaanza kukimbia tena. Analipwa, ndiyo, lakini amefunguliwa mlango. Luka Dončić aliipeleka Dallas fainali mwaka 2024, na miezi minane baadaye akaamka akiwa mchezaji wa Los Angeles bila kuulizwa. Ukiyaweka haya mezani, utaona kwamba tunamdai Giannis kitu ambacho timu hazijawahi kukiahidi.

Hata hivyo, Binti, sitaki kukuvunja moyo, kwa sababu deni unalolisema lipo. Mimi ninalipima tofauti. Sitazami kama mtu aliondoka. Natazama aliondokaje, na aliacha nini mlangoni.

Milwaukee wana historia ya jambo hili kuliko mji wowote. Mwaka 1969 walimchagua kijana ambaye baadaye alijiita Kareem Abdul-Jabbar, na mwaka 1971 akawapa ubingwa wa kwanza. Mwaka 1974 aliwaeleza viongozi, faraghani na kwa adabu, kwamba maisha yake kama Mwislamu mweusi hayakupata nafasi ya kutosha katika mji ule, na kwamba angependa kuhamia New York au Los Angeles. Aliwapa muda. Juni 1975 walimpeleka Los Angeles Lakers na wakapokea wachezaji wanne. Wawili kati yao, Brian Winters na Junior Bridgeman, walicheza Milwaukee kwa miaka mingi hadi jezi zao zikastaafishwa, kama ilivyostaafishwa ya Kareem mwenyewe. Na huyu Bridgeman, ambaye aliletwa na kuondoka kwa mtu mwingine, aliupenda mji, akafanikiwa sana katika biashara, na mwaka 2024, miezi michache kabla ya kufariki, alinunua asilimia 10 ya timu ile. Mimi nikisikia habari ya Bridgeman huwa nakaa kimya kidogo.

Linganisha na Oklahoma City. Mwaka 2016 Durant alifika mwisho wa mkataba, akajiunga na Golden State, timu iliyokuwa imetoka kuitoa Oklahoma City ingawa Oklahoma City walikuwa wakiongoza michezo mitatu kwa mmoja, na Oklahoma City hawakupata hata mchezaji mmoja wa kubadilishana. Mwaka 2019 Paul George aliomba kuondoka timu hiyo hiyo huku mkataba wake ukiwa bado umebakiza miaka, na kwa kumtoa walipata kijana anayeitwa Shai Gilgeous-Alexander pamoja na rundo la haki za drafti, mojawapo ikawaletea Jalen Williams. Juni mwaka huu wawili hao wametwaa ubingwa. Wote wawili, Durant na George, waliondoka. Mmoja aliacha mikono mitupu, mwingine aliacha msingi wa nyumba.

Kwa hiyo, Mkesha, kama Giannis ataona kwamba Milwaukee hawawezi tena kushindana, uaminifu wake utakuwa ni kuingia ofisini mapema, kufunga mlango na kuwaambia kweli, wakiwa bado na uwezo wa kupata kitu kikubwa kwa ajili yake. Akiamua kubaki, abaki kwa kauli kamili, si kwa kauli ya kila mwezi inayowafanya viongozi wauze kesho yao ili kumridhisha leo. Kwa maoni yangu sehemu ya madeni aliyoyaorodhesha Mhasibu yalitokana na hofu ya kumpoteza, na hofu hiyo yeye mwenyewe aliichochea kidogo kwa maneno yake.

Kuhusu yule mwenzako wa Temeke, ninakuuliza jambo moja tu. Alikwambia kabla ya kuondoka, au ulisikia mtaani?

Shabiki wa Mlima (Tabata)

Nina fupi la kuongeza, kwa sababu nadhani mjadala unachukulia kwamba mji mdogo ni kifungo, na hilo limepitwa na wakati. Kuanzia 2019 hadi 2025 tumeona mabingwa saba tofauti katika misimu saba. Milwaukee ni miongoni mwao, Denver pia, na fainali ya mwaka huu ilizikutanisha Oklahoma City na Indiana, miji miwili ambayo zamani watu walisema haiwezi. Nikola Jokić alichaguliwa nafasi ya 41 mwaka 2014, na bado yuko Denver. Gilgeous-Alexander amesaini nyongeza ya dola milioni 285 kwa miaka minne bila kutingisha mtu. Tim Duncan alikaribia kwenda Orlando mwaka 2000, akabaki San Antonio, na hadi anastaafu 2016 alikuwa na misimu 19 na vikombe vitano katika timu moja.

Kinachowabakiza hawa ni ofisi yenye akili. San Antonio walipata wachezaji wazuri mwishoni mwa drafti mwaka baada ya mwaka. Milwaukee walipitia makocha wakuu watatu ndani ya mwaka mmoja, na mmoja wao alifukuzwa Januari 2024 akiwa ameshinda michezo 30 na kufungwa 13. Giannis akiondoka, mimi lawama yangu nitaipeleka juu, ghorofa ya viongozi.

Mkesha wa Kikapu (Upanga)

Nimesoma majibu yenu mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya daladala, na nawashukuru wote.

Mwalimu wangu Kocha, alinieleza. Alikuja nyumbani siku mbili kabla ya usajili kufungwa, akakaa barazani, akasema mama yake anaumwa na nauli ya kwenda mazoezini inatoka katika fedha za dawa. Nilimjibu vibaya. Kwa hiyo swali lako limenifikia mahali pake, na nitamtafuta.

Kuhusu Giannis, hoja ya Mhasibu imenishinda nguvu, ingawa moyo wangu uko na Binti. Siamini tena kwamba atastaafu Milwaukee. Nimeamua kutazama jambo moja, nalo ni Februari 2026, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji: kama timu itakuwa bado inashinda na Turner akiwa amezoea, nitapumua, kama itakuwa inasuasua, basi natamani aseme mapema kama alivyofanya Kareem, na mji upate Bridgeman wake mwingine. Wiki chache zilizopita alikuwa Riga, Latvia, katika mashindano ya Ulaya na timu ya taifa ya Ugiriki, wakaifunga Finland na kuchukua medali ya shaba, na alilia kwa nishani hiyo kama mtu ambaye hajawahi kushinda kitu. Mtu anayelia hivyo kwa ajili ya nchi iliyokawia hadi 2013 kumpa uraia, siwezi kumwita msaliti, hata akija kuvaa jezi ya rangi gani.

Mchezo wa kwanza wa Milwaukee ni nyumbani kwao tarehe 22 Oktoba, dhidi ya Washington, na kwetu itakuwa usiku wa kuamkia tarehe 23. Baada ya Wamarekani kurudisha saa zao nyuma mwezi wa Novemba, michezo yao ya nyumbani itasogea kwetu hadi saa kumi alfajiri, kwa hiyo anayetaka kupata walau usingizi kidogo ajipange. Kocha, kama afya inaruhusu, nitakupitia.